Koti la Bi Tomoe na Mkasi Wangu

Mwanangu Rukia,

Barua hii haitapigwa muhuri wala haitapanda meli. Inaandikwa chini ya dari ile ile unayolala wewe, kwa hiyo sitakuuliza hali. Asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni: hali ni nzuri, sauti ndiyo mbaya. Mimi mzima, ila goti. Goti langu siku hizi limekuwa Mwingereza, kazi yake ni kutangaza mvua.

Mamako yuko zamu wodini mpaka saa kumi na mbili. Wewe uko Selly Oak, umekwenda kumuaga mwalimu wako Bi Tomoe, na kesho saa kama hizi utakuwa juu ya mawingu, unakwenda Japani kukaa miaka miwili katika karakana ya kakake. Mambo ya soksi, dawa ya kifua na usitembee peke yako usiku, mamako ameshayasema mara nne, na mara ya tano atayasema kesho ndani ya basi mbele za watu. Hayo nimemwachia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la lile koti.

Unadhani unaijua hadithi yake. Umeisimulia chuoni, umeisimulia kwa shangazi zako wa kanisa jirani wasiotuhusu, na nimekusikia ukimsimulia hata yule kijana mwenye suruali za bugaluu zinazofagia barabara: baba yangu ni fundi wa kizamani, aliona mishono mirefu ya Kijapani akadhani imekosewa, maskini, akaitengeneza kwa cherehani. Watu wanashika mbavu. Na mimi nacheka nao. Nimecheka miaka miwili. Hadithi hiyo ni tamu, Rukia, lakini si ya kweli, na ukiisha kuijua ya kweli huenda kesho usitake nikusindikize. Nitakuwa nimestahili. Ila soma mpaka mwisho. Mimi ni mtu wa darasa la nne, kila mstari hapa umenitoa jasho.

Ulipozaliwa nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitambaa, Mombasa, na nilikuwa mtu. Usicheke. Bwana harusi akija na kitambaa kwapani, nami nikishamtazama mabega, futi naitoa kwa adabu tu, jicho limeshapima. Nilishona nguo nzima, kuanzia kola mpaka pindo. Mamako alipopata nafasi ya kusomea uuguzi huku Uingereza, watu barazani waliniuliza, "Mwanamume anamfuata mke?" Nikawajibu, "Nanyi hapo mlipokaa mnamfuata nani?" Tukaja.

Hapa nikapata kazi kwenye kiwanda cha ovaroli. Hilo unalikumbuka, nilikuwa narudi na nyuzi masikioni. Lakini sikukuambia nilichokuwa nashona, kwa sababu niliona haya. Nilishona mfuko wa kushoto. Basi. Wa kulia alikuwa nao Kalasinga mmoja wa Kisumu aliyekaa mbele yangu, na Kiswahili chake kilikuwa kingi kuliko Kiingereza cha msimamizi wetu, aliyezaliwa nacho. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Karibu, fundi. Wewe na mimi sasa ni suruali moja." Tulicheka sana. Mwaka wa tatu tukawa hatucheki tena. Mwaka wa tano akaniinamia akasema, "Hivi, fundi, kola unakumbuka inakatwaje?" Nikamwambia nyamaza ushone. Kisha nikaenda chooni, nikakaa, nikaikata kola kwa kidole juu ya paja langu, nione kama bado naijua.

Ningekuambia hayo, tungecheka, yangepita. Badala yake nilikuja nyumbani na majivuno. Jumamosi nakushika mkono, tunapita High Street hapa Erdington, nakosoa migongo ya watu: mshono wa yule umepinda, koti la huyu limekata tamaa, suruali ile fundi wake alikuwa anagombana na mkewe. Ulicheka mpaka ukaanza kuitazama mishono mwenyewe, na ndiyo iliyokupeleka chuo. Kwa hiyo majivuno yale siyajutii yote. Baadhi yake yamezaa.

Basi ukaja na koti.

Lilikuwa la kazi, la babu yake Bi Tomoe, rangi ya nili iliyofuliwa mpaka ikawa kama moshi, viraka juu ya viraka, na juu ya viraka mishono myeupe midogo imepangwa kama punje za mchele. Alikuazima ulichore. Kabla ya kulitandaza uliifuta meza mara mbili. Mimi nimekushonea nguo miaka ishirini, hujawahi kunifutia meza. Ukasema kakake huko Japani anashona hivi hivi nguo za vijana wa leo, makoti na suruali za kuvaa mjini: kitambaa chembamba, hakifiki dhiraa moja upana, kinakatwa kwa mistari iliyonyooka tu, na hakibaki hata kipande cha kufungia kidole. Ukasema kwao nguo huishi kuliko mvaaji, kwa hiyo mvaaji ndiye anayeazimwa. Nikasema, "Wajapani wana maneno!" Hukunisikia. Ulipitisha kiganja juu ya mshono, ukasema, "Hii ndiyo kushona, Baba."

Ulisema kwa Kiswahili. Wewe ambaye nikikuuliza kama umekula unanijibu kwa Kiingereza, neno hilo ulilitafutia Kiswahili.

Hukukusudia ubaya, najua. Lakini mtu wa mfuko wa kushoto akiambiwa hivyo mezani kwake, usiku halali upande mmoja.

Jumamosi iliyofuata ulikwenda maktaba. Nikalichukua koti, nikaligeuza ndani nje. Niliona mambo mawili. La kwanza ni hiyo mishono mirefu, myepesi, kama bandi, ile ya kushikizia nguo kwa muda tu. La pili, ndani ya kila mshono kitambaa kilikuwa kimekunjwa upana wa vidole vinne, hakijakatwa. Hadithi yako inasema sikuelewa. Rukia, mimi nimeshona sare za watoto tangu sina ndevu. Sketi yako mwenyewe ya shule niliiachia pindo la kukulia, ikashushwa mara tatu, mpaka wenzako wakawa wanaisoma mistari yake kama daftari. Fundi gani asiyejua akiba iliyo ndani ya mshono ni ya nani? Ni ya atakayeivaa baadaye, mwenye kifua kipana zaidi. Nilijua. Niliishika ile akiba, nikajua kuna mtu aliiacha kwa ajili ya mtu asiyemwona, nikachukua mkasi nikaikata.

Nilikata yote. Nikapitisha cherehani, mshono mdogo mkali wa kiwandani, nikapiga pasi, nikalitundika. Nilitaka uone kwamba fundi yuko hapa hapa, huna haja ya kuvuka dunia kumtafuta. Na nilitaka koti lile lisiweze kurudi lilivyokuwa. La kwanza hata wewe ungelisamehe. La pili ndilo linaloniandikisha barua.

Uliporudi hukupiga kelele. Uliingiza vidole ndani ya mshono, ukatafuta, ukatafuta tena. Ukaniuliza, "Baba, kilichokuwa humu ndani kiko wapi?" Mungu anisamehe, nikajibu, "Kipi? Yale mabaki?" Nikavaa uso wa mzee asiyejua. Uso huo nimeufanyia mazoezi kwa wasimamizi miaka mingi, ni uso mzuri sana. Ukauamini. Ukakaa kimya siku tatu, na siku ya nne ukaja, ukanibusu kichwani, ukasema, "Si kosa lako, Baba. Hukujua."

Afadhali ungenipiga kwa pasi.

Katika zile siku tatu kuna jambo hukuliona. Vipande nilikuwa nimevitupa pipani. Jumatatu asubuhi nikalisikia gari la taka linakata kona. Nikatoka na nguo za kulalia na kofia yangu, nikalipindua pipa pale kwenye njia ya mlangoni. Yule bibi jirani mwenye mbwa akasimama akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia, "Heshima, mama." Akasema kwake pia hajaiona. Nilivipata vyote chini ya maganda ya viazi na mifupa ya samaki, kasoro kimoja.

Nikavifua, nikavifunga kwenye gazeti pamoja na koti, nikapanda basi mpaka mjini na jingine mpaka Selly Oak. Njia nzima naufanyia mazoezi ule uso. Bi Tomoe alifungua mlango, mdogo hivi, akanivulisha viatu, akanipa chai isiyo na maziwa wala sukari. Nikajua hasira zimeanza. Akalifungua gazeti. Akapitisha ukucha kwenye ukingo niliokata, polepole, kutoka kwapa mpaka kiunoni. Kiingereza chake na changu vilikuwa kama viatu vya jozi mbili tofauti, lakini tulitembea navyo.

"Umeshona miaka mingapi?"

"Arobaini na minne."

"Umekata vizuri. Pamenyooka."

"Ahsante," nikasema. Mjinga mimi, nilifurahi.

"Asiyejua hukata akisita," akasema. "Wewe hukusita hata mara moja."

Nikaiweka chai chini. Nikauvua ule uso wangu mzuri, nikamweleza yote, mpaka mfuko wa kushoto, mpaka kola ya chooni. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyasikia, kabla hata ya mamako. Hakunituliza, hakunikaripia. Alikwenda kwenye kasha lake, akaniletea sindano, akaniwekea koti mbele yangu. "Basi fumua," akasema. "Mshono mmoja mmoja. Usivute."

Ulijua kila Jumamosi nakwenda kwake kulirekebisha. Ulidhani ni wema wa mzee asiye na hatia, na uliwasifia watu wema huo. Hukujua nilivyokuwa napigwa. Cherehani yangu ilishona koti lile kwa saa mbili. Kulifumua kulichukua majira mawili ya baridi. Nilikuwa nafumua kazi yangu mwenyewe, na kila tundu la sindano liliacha alama. Alikuwa ananionyesha tundu kwenye mwanga wa dirisha.

Siku moja nilitoa uzi wangu wa kiwandani, ule usiokatika. Akaupima kwa vidole, akaurudisha mfukoni mwangu kama mtu anayekurudishia bakshishi. Akasema, "Uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, siku ya kuvutwa kitakachochanika ni kitambaa. Uache uzi ndio ukatike. Uzi tunao mwingi." Niliondoka na maneno hayo, nikapitiliza kituo changu, nikajikuta karibu na Perry Barr kwenye mvua. Maana nilimkumbuka mamako mwaka ule wa kwanza, alipotaka turudi kwetu nami nikakaza. Na wewe ulipotaka kuacha hesabu usome ushonaji, nami nikakaza. Mara zote hizo mimi sikuchanika. Mlichanika ninyi, mkajishona wenyewe, nami nikajisifu kwamba nimesimama imara.

Siku nyingine akaniuliza wanawake wa kwetu huvaa nini. Nikamweleza leso: zinakuja mbili zimeshikana, zinakatwa mara moja katikati, zinapindwa, kwisha. Mtu anajifunga, anabebea mtoto, anajifunika akiugua, na kitambaa kile hakionji mkasi wa pili mpaka kinakuwa tambara. Akaiweka sindano chini. "Na wewe umetoka kwa watu hao?" Kumbe yale uliyokuja kuniambia kwa mshangao kuhusu Wajapani, bibi yako alikuwa ameyavaa kiunoni kila siku, nami nilikuwa nacheza chini ya miguu yake, sikuyaona.

Vipande tulivirudisha kimoja kimoja, kwa mishono inayoonekana, hakutaka ifichwe. Pale pa kile kilichopotea nilimpelekea kitambaa kipya cha nili, kizuri, nimezunguka soko zima kukitafuta. Akakikataa. Akauliza ovaroli za kiwandani ni za rangi gani. Kwa hiyo ukilifunua chini ya kwapa la kulia utakuta kipande cha bluu kali kisicho na adabu. Ndicho hicho.

Na kila Jumamosi, sijamaliza kuvua kiatu cha pili, ananiuliza, "Umemwambia?"

"Bado."

"Haya. Chai."

Nilimsihi, "Mwambie wewe, wewe ndiye mwalimu wake." Akasema, "Mimi namfundisha kushona tu." Sasa hivi ninapoandika, uko mezani kwake unakula wali, naye anakutazama, anajua, na hasemi. Sijapata kuona mwanamke mwenye mdomo mzito hivyo. Mamako na ajifunze.

Wiki iliyopita tulimaliza kila kitu isipokuwa mkono wa kushoto. Akalikunja koti pamoja na mkono huo, akanikabidhi. "Huu mtaushona wewe na yeye," akasema, "ukishamwambia. Usipomwambia, atampelekea kaka yangu koti hivi hivi. Kaka yangu hatauliza. Ataona tu kwamba kazi haijaisha." Nikalileta nyumbani. Ukaniuliza, "Baba, mbona lina mkono mmoja?" Nikakujibu, "Ndivyo Wajapani wanavyosafirisha makoti." Na wewe, msomi wa chuo, ukaitikia kwa kichwa! Mwanangu, huko uendako usiwaamini wazee wanaojibu haraka.

Jana usiku wa kuamkia leo nilikuwa nimeshapata ujanja. Nilifumua bitana ya sanduku lako, nikitaka kuitia barua humo, uje uikute mwenyewe mwaka fulani, sanduku likichakaa, nami labda niko udongoni ambako hakuna wa kunigombeza. Asubuhi nikaitazama bitana ile imefunguka, nikaona aibu, nikaishona tena. Ukiona mshono mzuri sana hapo pembeni, ni wangu.

Nakushukuru, Rukia. Si kwa lile busu. Lile lilikuwa la mtu mwingine, mzee fulani asiyejua, simjui. Nakushukuru kwa ile meza uliyoifuta. Bila hiyo ningekufa najiita fundi huku nimekwisha kuwa mfuko. Leo nina miaka sitini na zaidi, na Jumamosi ni mwanafunzi, nakalishwa sakafuni na goti langu la Kiingereza, naambiwa rudia. Sijapata kuwa na furaha ya namna hiyo tangu baraza la Mombasa. Nilikata koti ili usiende, na kulishona ndiko kulikonifanya nitake uende. Hata mimi sielewi vizuri, lakini ndivyo ilivyo, na kama ningeweza kuja nawe ningebeba hilo sanduku kichwani.

Ukikasirika, kasirika leo, wakati nipo wa kukasirikiwa. Kaa kimya siku tatu ukitaka, ingawa unayo moja tu. Kesho ukisema nibaki, nitabaki, nitamwambia mamako ni goti. Kitu kimoja nakuomba usinifanyie: usiniambie tena sikujua.

Lango la nje limelia, na ni wewe, maana hakuna mwingine anayelisukuma kwa mguu. Nilitaka kukuachia karatasi hizi mahali nikatoke nizunguke mtaa. Sitoki. Nakupa mkononi, na nitasimama hapo mbele yako mpaka umalize kusoma.

Ni mimi babako, niliyekata nikijua.